Kesi Zetu Zinafia Mochwari: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Haki Jinai

Kwa Waheshimiwa:
Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Waziri wa Katiba na Sheria,
Waziri wa Afya,
Mkurugenzi wa Mashtaka,
Inspekta Jenerali wa Polisi,
DODOMA.

YAH: VIFO VYA WALIO MIKONONI MWA POLISI NA WANAOUAWA KWA RISASI ZA POLISI: JINSI USHAHIDI UNAVYOPOTEA KABLA YA MAHAKAMA

Waheshimiwa, salaam na heshima.

Sisi ni akina mama wa Mkoa wa Dodoma ambao watoto wao walifia lokapu au walipigwa risasi na askari, pamoja na wasaidizi wa kisheria wanaotusindikiza vituoni na mahakamani. Hatutasimulia misiba yetu hapa. Ya kila mmoja tulishayapeleka kwa njia ya kawaida, kwa barua zenye viambatisho, zikagongwa mhuri wa mapokezi na habari ikaishia hapo. Ndiyo maana leo tunaandika hadharani, na tunaandika juu ya utaratibu, kwa sababu utaratibu huo ndio unaotumaliza wote: wa Kondoa na wa Mpwapwa, mwenye wakili na asiye naye.

Tunachosema ni kimoja. Kesi hizi hazifi mahakamani. Zinafia mochwari na kwenye vitabu vya kituo, ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, wakati mama bado yuko kwenye mkeka anapokea pole. Anapoinuka kutafuta haki, ushahidi umeshaoshwa, umeshazikwa au umeshaandikwa upya.

1. Mama haambiwi, na akiambiwa haandikiwi.

Habari ya kifo humfikia mama kwa mdomo wa bodaboda, kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa picha ya WhatsApp. Akifika kituoni anaambiwa aende hospitali. Karatasi hapewi. Wakati huo maswali yake yote ya kwanza yana majibu kwenye vitabu vilivyopo: alikamatwa saa ngapi, na nani, kwa kosa gani, aliandikwa saa ngapi kwenye kitabu cha mahabusu, alitolewa lokapu mara ngapi na nani aliyemtoa, alikabidhiwa hospitali saa ngapi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inatoa saa 4 za msingi za kumhoji mtuhumiwa, na nyongeza ina utaratibu wake. Inaweka pia kipimo cha saa 24 cha kumfikisha mahakamani au kumfikiria dhamana. Saa hizo hazina maana kama hakuna anayeruhusiwa kuziona zilivyoandikwa.

Kuna kitabu kimoja ambacho polisi hawakiandiki, nacho ni daftari la mapokezi la hospitali. Humo muuguzi anaandika saa, jina la aliyemleta mgonjwa, na kama aliletwa akiwa hai au ameshakata roho. Tofauti ya saa kati ya daftari hilo na maelezo ya kituo mara nyingi ndiyo kesi yenyewe. Familia ikiomba nakala, inaambiwa ikalete barua ya polisi.

2. Anayetuhumiwa ndiye anayejaza fomu.

Aliyeumizwa na raia mwenzake huenda polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Aliyeumizwa na polisi naye huenda polisi kuchukua PF3. Kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Kwa aliyekufa ni hivyohivyo: ombi la uchunguzi wa maiti linatoka kituoni likiwa na maelezo mafupi ya tukio, na daktari anayasoma kabla hajafunua shuka. Likiandikwa "alijinyonga", daktari mwenye maiti nyingine zinazomsubiri ataangalia shingo. Likiandikwa "aliugua ghafla", ataangalia moyo. Hatuwatuhumu madaktari. Wamepewa swali ambalo limeshapindwa.

3. Uchunguzi wa maiti unafanywa nusunusu.

Hapa tungeomba Waziri wa Afya asome polepole.

Kipigo kwenye ngozi nyeusi hakionekani kwa kutazama tu. Damu iliyovilia chini ya ngozi huonekana ngozi ikipasuliwa: mgongoni, makalioni, nyuma ya mapaja, nyayoni. Hizo ndizo sehemu ambazo maiti ikilazwa chali hakuna anayeziona. Vilia vingine hujitokeza vizuri baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo mwili unatakiwa kukaguliwa tena kabla haujatoka. Vifundo vya mikono na miguu vitazamwe kwa alama za pingu na kamba. Kucha zikatwe na kuhifadhiwa, kwani chini yake huenda mna ngozi ya mtu mwingine.

Anayesemwa alijinyonga, alama ya kamba kwa kawaida hupanda kuelekea nyuma ya sikio na haizunguki shingo nzima. Aliyekabwa kwa kamba, alama huelekea kulala sawasawa na kuzunguka. Si kanuni isiyovunjika, na ndiyo sababu shingo hupasuliwa tabaka kwa tabaka, tena mwishoni, baada ya kichwa na kifua kufunguliwa na damu kutoka, ili damu iliyomwagika wakati wa upasuaji isidhaniwe kuwa ni jeraha. Kifupa kilichopinda chini ya ulimi kikaguliwe kama kimevunjika. Kamba, shati au tambala lililotumika lihifadhiwe bila kufunguliwa fundo: hukatwa mbali na fundo, kwa sababu fundo ndilo linaloeleza mikono iliyolifunga. Na mtu apime urefu kutoka sakafuni hadi pale lilipofungwa. Lokapu nyingi hazina kitu cha kuning'inizia hata kanzu.

Aliyepigwa risasi apigwe eksirei ya mwili mzima kabla kisu hakijagusa ngozi, maana risasi ikigonga mfupa hugeuza njia na kipande kinaweza kukutwa mbali na tundu. Kila tundu lipimwe na kuandikwa lilipo, mbele au nyuma. Masizi na chembe za baruti kuzunguka jeraha ni dalili kwamba mtutu ulikuwa karibu. Chembe hizohizo hunasa kwenye nguo, na nguo ndiyo ushahidi unaopotea kirahisi kuliko wote. Zinatakiwa zianikwe kivulini mpaka zikauke, kisha kila moja ifungwe kwenye karatasi peke yake, kwani nailoni inatunza unyevu na ukungu huharibu kila kitu. Kinachotokea ni kwamba nguo hurudishwa kwa mama ndani ya kiroba, mbichi kwa damu, naye anazifua.

Picha zipigwe zikiwa na rula na namba ya jalada pembeni, kabla maiti haijaoshwa na baada ya kuoshwa. Damu, mkojo na vipande vya viungo vinavyokwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali viwe na lakiri, na iandikwe nani alimkabidhi nani, saa ngapi. Itifaki ya Minnesota ya Umoja wa Mataifa, toleo la 2016, inataka familia iweze kuwa na mwakilishi wakati wa uchunguzi. Kwetu ndugu anaitwa mlangoni aseme tu, "Ndiye," halafu mlango unafungwa.

Mwisho wa yote taarifa anapewa nani? Polisi. Mama anapata kibali cha mazishi.

4. Bunduki zina vitabu, lakini vitabu hatuvioni.

Bunduki ya polisi haitoki ghalani yenyewe. Inaandikwa namba yake, jina la askari, idadi ya risasi alizopewa na saa. Ikirudi, risasi zinahesabiwa tena. Ukichukua ukurasa mmoja wa siku ya tukio na maganda yaliyookotwa barabarani, orodha ya kuanzia unayo. Risasi iliyotolewa mwilini isishikwe kwa koleo la chuma tupu, maana itachorwa mikwaruzo mipya juu ya ile iliyoachwa na mtutu, na ile ya mtutu ndiyo inayolinganishwa. Tatizo ni kwamba ukurasa huo unashikwa na kituo kilekile, na ulinganisho unafanywa na maabara ya polisi.

Tarehe 16 Februari 2018 mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala huko Kinondoni, polisi wakitawanya waandamanaji. Askari walishikiliwa. Aprili mwaka huohuo Mkurugenzi wa Mashtaka wa wakati ule akatangaza kufunga jalada kwa kukosa ushahidi. Abiria wa gari zima, mchana kweupe, na ushahidi haukutosha! Linganisheni na kifo cha mwandishi Daudi Mwangosi, aliyeuawa Septemba 2, 2012 Nyololo, Iringa, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu naye. Askari mmoja alifungwa miaka 15 mwaka 2016 kwa kuua bila kukusudia. Waandishi wenzake walikuwepo na kamera, na picha zikaonekana nchi nzima. Watoto wetu hawatembei na waandishi wa habari.

5. Uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu umekuwa kama haupo.

Tunayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, iliyotungwa 1980. Inampa hakimu kazi ya korona: kuchunguza kifo cha ghafla, cha kutatanisha, au cha mtu aliyekuwa mahabusu, kuita mashahidi, na kuamuru kaburi lifukuliwe ikibidi. Haihitaji mshtakiwa wala haisubiri jalada lifunguliwe. Inauliza tu huyu ni nani, alikufa lini, wapi, na kwa sababu gani. Kwa mama hiki ndicho chombo pekee kinachomruhusu kusikia maelezo yakitolewa kwa kiapo, na bado wengi wetu tuliposema "korona" kwenye masjala tuliulizwa kama tunatafuta chanjo.

Kwamba chombo hiki kinafanya kazi, si jambo la kubuni. Kisumu, Kenya, mtoto mchanga wa miezi sita alikufa baada ya kipigo cha polisi waliovamia nyumba yao Agosti 2017. Uchunguzi wa hakimu uliomalizika Februari 2019 uliwataja makamanda watano wa polisi kuwa wanapaswa kuwajibika. Na Afrika Kusini, Ahmed Timol alikufa 1971 mikononi mwa polisi. Hakimu wa 1972 alisema alijirusha ghorofani. Mama yake, Hawa Timol, alieleza mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano mwaka 1996, akafariki mwaka uliofuata. Uchunguzi ulifunguliwa upya 2017, yakatazamwa majeraha yaliyoandikwa kwenye taarifa ileile ya daktari, na Oktoba mwaka huo jaji akaamua kwamba alisukumwa. Taarifa ya daktari ilitunzwa miaka 46. Sisi hatujui kama zetu zitatunzwa hata minne.

6. "Upelelezi unaendelea."

Sentensi hii haina tarehe ya mwisho. Wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi waliuawa Januari 2006. Ikaundwa tume ya jaji, na bado neno la Mahakama ya Rufani lilikuja Septemba 2016. Mfanyabiashara wa madini aliyeuawa Mtwara Januari 2022 alipata hukumu ya Mahakama Kuu 2025, na maofisa wawili wakatiwa hatiani. Tunashukuru. Ila kesi hiyo ilisukumwa na agizo la Rais mwenyewe, na Rais hawezi kuagiza kwa kila marehemu wa Chemba na Bahi.

7. Nauli na vizingiti.

Kutoka Kondoa hadi Dodoma mjini ni kama kilomita 160. Ukishuka stendi ya Nanenane kuna daladala nyingine hadi Mtumba, kwenye ofisi za Serikali, halafu kaunta. Kuishtaki Serikali kunadai notisi ya siku 90 na Mahakama Kuu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, karibu kabisa, lakini Novemba 2019 nchi yetu iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kwenda huko mwenyewe. Hili tunaliacha hapa.

Waheshimiwa, tunajua mtakayojibu, maana tumeshayasikia dirishani.

Mtasema marehemu alikuwa jambazi. Inawezekana. Adhabu ya ujambazi imeandikwa kwenye Kanuni ya Adhabu na inatolewa na hakimu. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inapiga marufuku mtu kuteswa, nayo haikumtoa mwizi.

Mtasema alirushiana risasi na askari, au aliuawa na wananchi wenye hasira. Basi bastola yake iko wapi, ina namba gani, na maganda yake yaliokotwa na nani? Na hao wananchi wenye hasira, ni shahidi gani mmoja aliyeandika maelezo? Maelezo ya namna hii yanapimika, yapimwe.

Mtasema wanapatholojia ni wachache. Ni kweli, na hili tunaliheshimu kuliko mengine. Lakini eksirei, picha zenye rula, kukausha nguo na kupasua ngozi ya mgongo havihitaji mwanapatholojia. Daktari wa wilaya mwenye mwongozo wa ukurasa mmoja anaviweza, na mwili ukahifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 4 mpaka mtaalamu afike.

Mtasema familia ndizo zinazokataa, hasa Waislamu wa Kondoa wanaotaka kuzika siku ileile. Familia hukataa pale isipoelezwa. Ikiambiwa na mtu asiye na sare kwamba kazi ni ya saa chache, itaanza alfajiri na mwili utatoka kabla ya Alasiri, na kwamba bila hiyo kesi haipo, wengi wanakubali. Kinachotuumiza ni kuwekewa mbele karatasi ya kusema hatutaki uchunguzi, usiku, na askari ambaye jina lake limo kwenye malalamiko.

Mtasema askari ameshachukuliwa hatua za kinidhamu. Kufukuzwa kazi ni jambo kati ya askari na mwajiri wake.

Na mtasema tume zipo. Tume ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi taarifa Julai 2023, na miongoni mwa mapendekezo yake ni upelelezi kuwa na chombo chake nje ya Jeshi la Polisi. Jaji huyohuyo akapewa tena Novemba 2025 tume ya matukio ya Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu. Hatuna ugomvi na tume. Lakini tume inatazama nchi, inaandika kitabu, inakabidhi. Haimwambii mama mmoja mwanawe aliletwa hospitali saa ngapi. Kwa familia zilizozunguka mochwari baada ya Oktoba 29, swali la mwanzo lilikuwa dogo zaidi hata ya hilo: mwili uko wapi.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya kuanza:

Inspekta Jenerali aagize kila kituo kumpa ndugu wa karibu, ndani ya saa 24 tangu kifo, karatasi yenye saa zilizotajwa kwenye hoja ya kwanza, ikiwa na jina na saini ya mkuu wa kituo. Vitabu vya mahabusu na vya ghala la silaha vya siku hiyo vifungwe kwa lakiri na kukabidhiwa kwa hakimu, nakala ibaki kituoni. Askari waliohusika wasipangwe zamu kwenye kituo hicho wala hospitali ulipo mwili.

Waziri wa Afya atoe mwongozo wa ukurasa mmoja kwa vifo vya namna hii, na aruhusu mwakilishi wa familia kuingia. Nakala ya taarifa ya uchunguzi wa maiti ipelekwe kwa familia sambamba na polisi, si baada yao. Gharama za kusafirisha mwili kwenda na kurudi zisiwe za familia.

Waziri wa Katiba na Sheria azungumze na Mahakama ili kila wilaya itangaze jina la hakimu anayeshika kazi ya korona, na vifo vyote vya mahabusu vifike kwake moja kwa moja kutoka hospitali, bila kupita polisi. Orodha ya chunguzi zilizofunguliwa na zilizofungwa ibandikwe kwenye mbao za mahakama kila robo mwaka.

Mkurugenzi wa Mashtaka aiandikie familia kila baada ya siku 60 jalada limefika wapi, na akilifunga aandike sababu: ni kipande gani cha ushahidi kilichokosekana, na nani aliyepaswa kukihifadhi.

Waziri wa Mambo ya Ndani atupe tarehe ya utekelezaji wa pendekezo la 2023 la kutenganisha upelelezi na polisi. Tarehe, si mchakato.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30. Tuko tayari kuitwa Mtumba au kuwapokea wilayani, na tutakuja na nakala zetu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Akina mama waliofiwa na wasaidizi wa kisheria,
Mkoa wa Dodoma.

Nakala:
Jaji Kiongozi;
Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora;
Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Katiba na Sheria;
Chama cha Wanasheria Tanganyika.